Mtungi wa zamani wa Kijapani nyumbani: namna ya kuishi nao bila kuuharibu (mwongozo kamili)

Nianze kwa kusema wazi kabisa, mtungi ninaouzungumzia hapa sio wa gesi. Nasema hivyo kwa sababu nilimwambia kaka yangu kwenye simu kwamba nimepewa mtungi wa miaka karibu mia mbili, akakaa kimya, halafu akauliza "sasa huo gesi yake si ilishaisha?" Ni mtungi wa udongo, Wajapani wanauita tsubo, kimo sentimita 38, uzito kilo nane na kidogo, kahawia inayoelekea wekundu, na begani upande mmoja umemwagikiwa kitu cha kijani kama chupa iliyoyeyuka. Ulikuwa stoo nyumbani kwa bibi yake mke wangu huko Shigaraki, mkoa wa Shiga, hata saa moja kwa gari haifiki kutoka hapa Otsu tunapoishi, na bibi alikuwa anatunzia majani ya chai humo. Nyumba ilipofungwa kila mjukuu akaambiwa achague kitu. Wenzetu walichagua tivii na friji. Sisi tulichelewa kufika.

Basi tangu siku hiyo nimejifunza mengi, mengine kwa kuuliza wauza vitu vya kale na mengine kwa kuharibu mwenyewe. Naandika kwa ajili ya wenzangu mlioko Japani mnaookota vitu kwenye minada ya mahekaluni Kyoto (Toji kila tarehe 21, Kitano Tenmangu kila tarehe 25), mliooa au kuolewa huku, na nyie mlioko nyumbani ambao bosi au shemeji Mjapani amewaachia kitu kizito na hamjui mkiweke wapi. Kitu kimoja ukishike mapema: hii mitungi mingi imeshakaa kwenye moto wa nyuzi 1200 na zaidi, jua haiogopi, vumbi haiogopi, miaka ndo kabisa. Inayemuogopa ni mwenye nyumba aliyeamka Jumapili ana hamu ya usafi. Nitarudi hapo maana mimi ndiye huyo mwenye nyumba.

Hatua ya 1: ujue umepewa nini

Usianze na umri wala bei, anza na ngozi ya mtungi. Kuna aina tatu kubwa na kila moja ina masharti yake.

Ya kwanza ni mitungi isiyopakwa kitu, udongo mtupu uliochomwa sana kwenye joko la kuni. Hapa ndo kuna majina makubwa: Shigaraki, Bizen, Tamba, Echizen, Tokoname. Ukiongeza Seto unapata yale Wajapani wanaita majoko sita ya kale, ingawa Seto wenyewe walikuwa wanapaka rangi ya kioo tangu zamani. Ule ukijani kwenye bega la mtungi wangu hakuna mtu aliupaka, ni majivu ya kuni za msonobari yalikuwa yanaruka ndani ya joko, yakatua begani, moto ukayayeyusha yakawa kioo na kuchuruzika. Ndo maana upande mmoja una na mwingine hauna, upande wenye majivu ndo uliokuwa unatazama moto. Udongo wa Shigaraki unatoka kwenye matope ya zamani ya ziwa Biwa, una punje za mawe meupe ndani, ukipitisha kiganja unazihisi kama mchele uliobaki kwenye sufuria. Bizen hauna hizo punje, wenyewe ni laini, mwekundu mweusi, unaweza kuona mistari myekundu iliyoachwa na nyasi za mpunga zilizofungwa kuzunguka chombo wakati wa kuchoma, au madoa ya majivu wanayoyaita goma, yaani ufuta.

Ya pili ni iliyopakwa glezi, ule utando wa kioo, kahawia au nyeusi au kijani, ndani na nje au nje tu. Mitungi mingi ya majani ya chai ni hivi, ina masikio madogo manne begani ya kufungia kamba ya kifuniko.

Ya tatu ni kauri, nyeupe, yenye michoro. Hapa ndo Imari na Kutani na wenzao. Kauri ya Japani ilianza Arita, kisiwa cha Kyushu, mwanzoni mwa miaka ya 1600, ikawa inapakiwa bandari ya Imari na ndo jina likatoka huko, Waholanzi wakaibeba kupeleka Ulaya. Ukigeuza ukakuta kitakoni pameandikwa "Nippon" kwa herufi za kizungu, hicho kilitengenezwa kwa soko la Marekani kati ya 1891 na 1921 hivi, kwa sababu sheria yao ya ushuru ya 1890 ilitaka bidhaa ionyeshe nchi ilikotoka, na baadaye wakaambiwa waandike "Japan". Kwa hiyo mtu akikuuzia mtungi wa "Nippon" anakwambia ni wa samurai, mwache aendelee kuongea wewe ondoka.

Kama hujui mtungi wako uko kundi gani, chovya kidole kwenye maji, dondosha tone moja tu sehemu isiyoonekana, kwenye kitako. Tone likikaa juu linang'aa, hapo kuna glezi au udongo umeiva sana. Likinywewa ukabaki na doa jeusi linalokauka taratibu, mtungi wako unakunywa maji, na hiyo habari ndo itaamua kila kitu huko mbele.

Kuhusu umri, ushauri wangu ni usijisifu. Mimi niliambiwa na mzee mmoja mwenye duka "mwisho wa Edo, labda", yaani kabla ya 1868, na hiyo "labda" nimeitunza kama ilivyo. Mwaka 1959 serikali ya Japani iliutangaza mtungi mmoja kuwa mali muhimu ya utamaduni, ulikuwa na maandishi ya mwaka wa pili wa Einin, yaani 1294, wataalamu wakubwa wakaupitisha. Baadaye mfinyanzi Kato Tokuro akasema ule nimetengeneza mimi. Wakapima glezi kwa mionzi, mwaka 1961 ukafutwa kwenye orodha. Kama mabingwa wa nchi walidanganywa mchana kweupe, wewe na mimi tunatazama picha za simu tutasemaje?

Hatua ya 2: ukague mwili mzima, siku ya kwanza

Tandika blanketi chini, sio juu ya meza, chini. Kaa. Weka mtungi katikati ya miguu. Vua pete, saa, bangili, mkufu unaoning'inia, na zipu ya jaketi ifunge kwa ndani au vua jaketi lenyewe. Huku kwenye sherehe za chai mtu akipewa chombo akitazame anakitazama hivyo hivyo, karibu na sakafu, viwiko vimeegemea magoti, kikiponyoka kinadondoka sentimita kumi tu. Sio mapozi, ni akili.

Kisha washa tochi ya simu uishikilie pembeni ili mwanga upite juu ya ngozi, usiimulike usoni. Anza mdomoni, shuka shingo, bega, tumbo, kitako. Wauza vitu vya kale huku wana maneno matatu ambayo ukiyajua wanaanza kukuheshimu. Hotsu ni pale palipomeguka kidogo, mara nyingi mdomoni. Nyu ni ufa mwembamba kama unywele. Na kamakizu ni kovu la jokoni, yaani kilema ambacho mtungi ulizaliwa nacho. Tofauti yake ni hii: ufa wa jokoni kingo zake zimelainika, mara nyingine majivu yaliyoyeyuka yameingia ndani, ukipitisha ukucha haukwami. Ufa wa baadaye kingo zake zina ukali na ndani udongo ni msafi au umejaa uchafu mweusi. Wangu una kovu la jokoni tumboni refu kama kidole, mwanzoni nilikosa usingizi, yule mzee akaucheka akasema hilo ndo uso wake.

Halafu gonga. Kwa ukucha au kifundo cha kidole, taratibu, mtungi ukiwa umekaa juu ya kitu laini. Ukilia, mzima. Ukitoa sauti ya kufa kama unagonga boga, kuna ufa mahali hata kama huuoni, na hapo usiubebe kwa kushika upande mmoja tena.

Mwisho, ile taa ya zambarau ya kukagulia noti bandia. Zima taa za chumba umulike mtungi. Sehemu iliyozibwa kwa gundi au plastiki au rangi ya kisasa mara nyingi inang'aa tofauti na mwili. Mitungi mingi inayouzwa kama mizima ina mdomo uliotengenezwa upya. Sio dhambi, ila ujue.

Piga picha pande zote nne, kitako na ndani, weka na tarehe. Itakusaidia siku utakapojiuliza ufa huu ulikuwepo au ni wa jana.

Hatua ya 3: kuubeba

Hapa ni fupi. Mkono mmoja chini ya kitako, mwingine umekumbatia tumbo, mtungi umegusa kifua. Usishike mdomo, usishike masikio, hata kama yanaonekana imara, kazi yake ilikuwa kufunga kamba ya kifuniko. Kifuniko kibebwe safari ya peke yake. Glavu za pamba kama za kwenye sinema usivae, kauri inateleza humo, mikono mikavu iliyooshwa inatosha. Na kabla hujainua, jua unaenda kuuweka wapi na njia iko wazi, sio umeshabeba kilo nane ndo unamwambia mtoto atoe baiskeli.

Hatua ya 4: mahali pa kuuweka

Nyumba ya Kijapani ya zamani ina tokonoma, kijipango kilichoingia ukutani ambacho kinawekwa picha moja ya kuning'inia na chombo kimoja au ua. Mtu wa Lamu akiona hiyo anaelewa bila kuelezwa, ni ndugu wa zidaka, wazee wetu wa pwani walipanga humo kauri za Kichina, na makaburi ya Kunduchi nguzo zake zilipambwa kwa mabakuli hayo hayo. Tofauti ni kwamba zidaka zinajaa, tokonoma inaachwa wazi. Sisi fleti yetu haina tokonoma, tumetumia kona ya sebule, chini, juu ya ubao mpana.

Chini. Narudia tena. Watu wanapenda kuweka mtungi juu ya kabati la viatu mlangoni uonekane, na huko mlangoni ndo kuna begi la shule, mwavuli, mkia wa koti na mjumbe wa mizigo. Uweke chini, kona isiyo njia ya watu, sentimita kumi kutoka ukutani.

Halafu tetemeko. Kwa mliopo huku hii sio hadithi. Juni 18, 2018, saa mbili kasoro dakika mbili asubuhi, tetemeko la kaskazini mwa Osaka lilitufikia mpaka hapa Otsu, nilikuwa nafunga kamba za viatu. Vikombe viliimba kabatini. Mtungi ulizunguka kama robo hivi ukakaa. Jioni ile ile nikaenda kununua mchanga.

Mbinu za makumbusho ya huku ni tatu na zote unaweza kuzifanya nyumbani kwa hela ndogo. Moja, uzito ndani. Chukua mchanga mkavu uliooshwa, jaza mfuko wa nailoni, fungia ndani ya mfuko wa kitambaa, uteremshe polepole mpaka chini. Mimi nimeweka kilo mbili. Mtungi wa Kijapani wa kale ni mpana begani na mwembamba kitakoni, umekaa kama mwanamke aliyebeba kuni, kwa hiyo uzito ukishuka chini unatulia. Usijaze hadi juu, na usiweke mchele au maharage badala ya mchanga, utafuga wadudu. Mbili, kamba ya kuvulia samaki, wenyewe wanaita tegusu. Inazungushwa shingoni kwa ulegevu kidogo, inashuka pembe tatu au nne hadi kwenye skrubu za ubao. Pale inapogusa mtungi ivalishe kimrija laini cha plastiki ili isisugue. Kwa mbali haionekani. Tatu, ule ulimbo wa kubandika chini ya vyombo, vipande vidogo kama njegere vitatu au vinne. Huu ni kwa kauri na mitungi yenye glezi tu, na ukitaka kuutoa unazungusha mtungi, huvuti juu. Kwa udongo mtupu usiuweke kabisa, mafuta yake yanaingia kwenye ngozi na doa halitoki.

Chini ya mtungi weka kitambaa kizito cha sufu au mkeka mdogo. Usiweke raba, raba inaacha alama kwenye mbao na kwenye mtungi pia.

Mlioko pwani, Dar, Tanga, Mombasa: upepo wa bahari una chumvi na unyevu, mtungi wa udongo mtupu unavuta vyote viwili. Uweke panapopita hewa, mbali na dirisha linaloingiza mvua, na kila mwezi ugeuze uone nyuma. Ukungu unapenda sana upande ule usioutazama.

Hatua ya 5: usafi, na hapa ndo nilipoharibu

Jumapili ya kwanza niliuingiza bafuni. Ulikuwa na weusi begani, mistari kama ya masizi, na mimi ni mtoto wa Newala, kwetu chungu kikiwa na masizi unakisugua kwa mchanga na majani mpaka kinalia. Nikachukua brashi ngumu, sabuni, na mwisho nikamwagia dawa ya kupaushia nguo. Nilisugua saa nzima naimba. Ulitoka mwepesi wa rangi, wa machungwa machungwa, mimi nafurahi napiga picha.

Mambo mawili yakafuata. Kwanza, mtungi ulikuwa umekunywa ile dawa, na kwa miezi mitatu tumboni pakawa panatoka unga mweupe kama chumvi ya jasho kwenye kofia. Ni chumvi kweli, ukiloweka udongo kwenye dawa ya aina hiyo chumvi inabaki ndani ya vitundu, maji yakikauka inatoka nje na kuganda, na ikizidi inabanjua ngozi. Ilibidi niuloweke kwenye maji yasiyo na madini, yale ya kuongezea kwenye betri (sio tindikali yake), kubadilisha kila siku, wiki mbili. Usiige hilo kama mtungi wako una ufa au umewahi kuunganishwa. Pili, mama mkwe alikuja kutembea. Aliingia, akavua viatu, akaupita, akarudi, akaweka kiganja begani kwa mtungi kama anapima homa ya mtoto. Akasema "umekuwa mpya, eeh." Basi. Akaenda kunywa chai. Ambao hamjaishi na watu wa huku mtaona ni sifa. Mke wangu alinitazama nikaelewa kwamba nimetukanwa mimi na ukoo.

Ule weusi haukuwa uchafu. Nusu yake ni moto wa joko, koge wanaita, palipoungua pakiwa pamezikwa kwenye makaa, na hiyo haikutoka, namshukuru Mungu. Nusu nyingine ilikuwa mikono ya bibi, mafuta ya viganja vya miaka sitini akiushika pale pale kila akichota chai. Hiyo ndo ilienda na maji bafuni.

Kwa hiyo usafi wenyewe ni huu. Udongo mtupu: brashi laini kavu ya kupakia rangi au ya vipodozi, mara moja kwa mwezi, unashuka kutoka mdomoni. Imeisha. Glezi na kauri: kitambaa laini chenye unyevu kidogo, kisha kikavu. Palipo na dhahabu au rangi zinazosimama juu ya glezi, usisugue hata kwa kitambaa, puliza tu au tumia brashi, kwa sababu ile dhahabu imekaa juu juu na ilichomwa kwa moto mdogo. Mashine ya kuosha vyombo hapana. Siki, limao, dawa ya choo hapana. Stika ya bei usiing'oe kwa kucha, iloweshe kwa kitambaa kwenye glezi, na kwenye udongo mtupu iache kama ilivyo. Selotepu usibandike popote, ikitoka inatoka na dhahabu.

Hatua ya 6: maua, maji, na chakula

Unaruhusiwa kuutumia, hata inapendeza. Vimitungi vidogo vya Shigaraki ambavyo vilikuwa vya mbegu na vitu vya jikoni, watu wa chai waliviokota mashambani wakavifanya vya maua, wakaviita uzukumaru, yaani kitu kilichochuchumaa. Ukikiona unaelewa jina, kimekaa kama mzee anayeota jua.

Lakini maji usimwage moja kwa moja. Chungu cha maji cha nyumbani kinatoa jasho na tunafurahi maji yanapoa, sasa huu nao unatoa jasho polepole, na chini kuna mkeka wa tatami au meza ya mkopo. Mimi yangu ilitoka asubuhi, duara jeusi kwenye tatami upana wa sahani, bado lipo. Weka chombo ndani ya chombo: huku kuna vikopo maalum vya shaba au mianzi vinaitwa otoshi, wewe tumia glasi ndefu au chupa ya plastiki iliyokatwa, mradi ishuke bila kugusa shingo. Kabla ya kuweka maua, mama mkwe huwa anapangusa nje ya mtungi wa udongo kwa kitambaa kibichi, unakolea rangi, ua linaonekana. Hiyo haina madhara ukiuacha ukauke vizuri baadaye. Na ua moja au mawili, usijaze kama harusi.

Chakula nasema hapana. Rangi za juu ya glezi kwenye kauri za zamani zinaweza kuwa na risasi, ile madini, na kitu kichachu kama achari au siki kinaivuta. Udongo mtupu nao umeshakunywa vitu vya miaka mia usivyovijua. Majani ya chai makavu ndani ya pakiti yao, sawa, mie nafanya hivyo kwa heshima ya bibi.

Hatua ya 7: sanduku usilitupe

Ukinunua au ukipewa mtungi ukiwa kwenye sanduku la mbao nyepesi lisilo na rangi, limefungwa kwa utepe mpana wa kufumwa, hilo sanduku ni nusu ya bei na zaidi ya nusu ya habari. Mbao ni kiri, inavimba hewa ikiwa na unyevu na kujiziba, kwa hiyo ndani panabaki pakavu. Maandishi ya wino kwenye kifuniko yanasema ni kitu gani, mara nyingine cha nani. Sanduku lililoandikwa na mfinyanzi mwenyewe ni tomobako, lililotafutwa baadaye likalingana kwa ukubwa ni awasebako, na hapo kuwa macho, sanduku la mtu mkubwa linaweza kuwa na mtungi wa mtu mwingine kabisa ndani.

Usipake vanishi, usifute maandishi kwa maji. Wangu hauna sanduku, ulikuwa na gunia. Gunia nimelitunza.

Kwa mlioko nyumbani, adui wa sanduku ni mchwa. Liweke juu ya kabati la chuma au rafu isiyogusa ukuta, na ulifungue kila baada ya miezi michache.

Hatua ya 8: ukivunjika

Utasikia sauti, halafu utaganda. Ganda, hiyo ni sahihi. Watoto na paka nje ya chumba kwanza. Usifagie. Okota kwa mkono kipande kimoja kimoja, vikubwa vifungwe kila kimoja kwenye karatasi laini, vidogo kwenye vikombe, na unga wake ukusanye kwa kadi juu ya karatasi. Unga pia una kazi. Mwaka 1995 mwizi aliingia kwenye jengo la hekalu la Todaiji pale Nara, akashika mtungi mweupe wa Kikorea, alipobanwa akaupiga chini. Ulitoka vipande zaidi ya 300. Walikusanya mpaka unga, na leo umesimama kwenye makumbusho ya kauri za mashariki Osaka, lazima uinamishe kichwa ndo uone palipounganishwa.

Usijaribu kuunganisha kipande kwa kipande kuona kama vinaingia, kila ukijaribu kingo zinasagika. Na ile gundi ya dakika moja usiguse. Inakauka haraka, inageuka njano, ukikosea milimita moja mwanzoni kipande cha mwisho hakiingii.

Wengi mmesikia kintsugi, kuunganisha kwa dhahabu. Dhahabu ni poda ya juu tu, kinachoshika ni urushi, utomvu wa mti. Unachanganywa na unga wa ngano ukawa gundi, na vumbi la udongo ukawa wa kuzibia mapengo, mwisho unapakwa mwembamba na kunyunyiziwa dhahabu. Kila hatua inasubiri siku au wiki, kazi nzima ni mwezi mpaka miezi. Sasa sikilizeni watu wa kusini: mti wa urushi ni wa ukoo mmoja na mkorosho. Ule utomvu mbichi unaunguza ngozi kama mafuta ya ganda la korosho, mtu anavimba macho wiki nzima. Nilipojaribu darasa moja mwalimu alinionya mara tatu nivae glavu, nikamwonyesha alama za utotoni kwenye vidole, akanyamaza. Na Wajapani wana rangi ya kisasa inayotengenezwa kwa mafuta hayo hayo ya korosho kama mbadala wa urushi, wanaiita kashu.

Jambo lingine, urushi haukauki kwa jua, unakauka kwa unyevu, hewa ya asilimia 70 hadi 85 na joto la nyuzi 20 na kitu mpaka 30. Wenyewe wanatengeneza kabati la kuloweka hewa. Dar mwezi wa nne ni kabati tosha. Ila mtungi wa maana peleka kwa fundi, vile vifurushi vya kintsugi vinavyouzwa na gundi ya kemikali na poda ya shaba fanyia kikombe cha ofisini.

Hatua ya 9: kusafiri nao

Kama ni wa zamani kweli, kabla ya kuutoa Japani waulize Bunkacho, idara ya utamaduni ya serikali, wanatoa cheti kwamba sio mali iliyozuiwa kutoka. Vitu vilivyoorodheshwa kama mali muhimu ya utamaduni haviruhusiwi kutoka. Weka na risiti, forodha watataka thamani.

Kufunga: ndani jaza karatasi laini bila kushindilia, nje karatasi laini, kisha nailoni ya mapovu, selotepu igusane na nailoni tu. Sanduku ndani ya sanduku, na kati yao nafasi ya vidole vinne pande zote iliyojazwa kitu chepesi. Ukitikisa usisikie chochote. Kifuniko kifungwe peke yake. Mchanga toa, rafiki yangu mmoja aliusahau, ukasafiri ukigonga kitako kutoka Kansai mpaka Nairobi, akapokea mtungi wenye tundu chini.

Na usiingize mkono shingoni kutafuta kitu kilichodondokea ndani, mkono unaingia umenyooka na unatoka umekunja ngumi. Tumia uzi na kipande cha ulimbo mwishoni. Mwanangu ametumbukiza kigari chake cha zimamoto tangu wiki iliyopita, kimeingia pembeni ya mfuko wa mchanga, nimevua na uzi jioni mbili sijakipata, na yeye ameshatumbukiza na ngazi yake ili zimamoto watoke wenyewe.